Mchanga Mweupe katika Sanduku la Vyura

Nyumbani kwa Bibi Mwanamkasi,
Makorora, Tanga.
(Kwa anwani ya duka la Bwana Karmali)

Ijumaa, 14 Septemba, 1956

Mpendwa Mjomba Uweso,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekwisha kuiacha ile fimbo, na goti lako limekubali tena kupanda milima ya Uluguru. Bibi huniuliza habari za goti hilo kila siku, kana kwamba mimi ndiye ninayetembea nalo. Amekuchemshia mafuta ya nazi na kitunguu thaumu, na yatakuja na mtu wa kwanza tutakayempata anayesafiri kwenda Morogoro. Anasema ujichue asubuhi na baada ya alasiri, na usiwe mbishi kama ulivyokuwa ulipopata surua.

Sisi huku hatujambo. Bibi mwenyewe ni mzima, ila macho yake yanachoka mapema na siku hizi mimi ndiye ninayemtungia uzi sindanoni. Mama ameandika kutoka Moa kwamba nazi mwaka huu ni chache, na mdogo wangu Asmahani ameanza kusimama dede, akishika ukuta. Mvua bado. Tunangoja vuli, na vumbi la njiani linaingia mpaka ndani ya vikombe.

Unisamehe kwa kuandika kwa penseli. Sababu yake utaiona mbele.

Mjomba, habari njema zote nilizokuwa nazo nimekwisha kuziandika, na karatasi bado imebaki nyingi.

Barua yako ya tarehe 30 Agosti niliipata Jumanne. Niliisoma palepale dukani, nimesimama kando ya magunia ya mchele, kisha nikaikunja nikaitia ndani ya kitabu cha Jiografia. Tangu siku hiyo sijathubutu kukifungua kitabu hicho. Jana niliulizwa darasani mto Rufiji unamwaga maji yake wapi, nami nilikuwa najua, lakini nilisimama nikatazama sakafu mpaka nikaambiwa niketi.

Umeandika kwamba ulimsomea Bwana wako, huyo mtaalamu unayemfanyia kazi, kurasa nilizokunakilia kutoka katika daftari langu, zile za viluwiluwi, na kwamba aliinuka kitini akakupa mkono. Umeandika kwamba amechunguza vyura miaka mingi na hajapata kuwaona vyura wa aina hii wakilea watoto ndani ya sanduku, tena pwani, mbali na msitu wao. Sasa anataka kuitangaza habari hiyo katika gazeti la wataalamu wenzake huko Ulaya, na jina langu liwemo, Semeni binti Hatibu wa Tanga. Ataipeleka posta mwisho wa mwezi huu, na unaniomba daftari lenyewe alione kwa macho yake.

Mjomba, tafadhali mwambie asipeleke. Hapakuwa na viluwiluwi. Vyura wote wanne walikufa mwezi wa Juni, nami ndiye niliyewaua.

Naomba usiishie hapa kusoma. Nataka ujue yote, hata yale ambayo hayanisaidii.

Unaikumbuka siku uliyowaleta, mwezi wa Aprili. Ulitoka nao Maramba ndani ya basi, umepakata kopo lenye matundu na majani mabichi, na abiria mwenzako, akidhani ni kopo la achari, akakusumbua njia nzima umwonjeshe. Bibi alipofunua kopo akakutazama vile anavyokutazama.

"Watu wakishuka mlimani huwaletea mama zao ndizi," akasema. "Wewe umeniletea vyura."

Ukamjibu, "Ndizi ungezila zikaisha, Mama."

"Na hawa nitawala lini?"

Tulicheka sana siku ile. Mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwaona: wadogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kijani kama jani jipya la mgomba, na mstari wa dhahabu ubavuni. Niliogopa kupumua karibu yao.

Sanduku tulipewa na Bwana Karmali. Lilikuwa lile la vioo alilokuwa akiweka biskuti mpaka pembe moja ikapata ufa. Binti yake Mehrunissa, ambaye ni rafiki yangu na tunasoma pamoja darasa la nane, ndiye aliyemwomba. Ukatuonyesha namna ya kuziba ufa kwa nta, na namna ya kupanga tabaka za chini: kwanza vigae vya mtungi uliovunjika ili maji yapate pa kushukia, kisha makaa yaliyopondwa ili pasitoke harufu, kisha ule udongo mweusi wa msituni uliokuja nao katika gunia. Juu yake ukapanda kangaga, yenye majani kama manyoya ya ndege, ukatandaza majani makavu. Upande wa kulia ukaacha bonde dogo la maji, ukapanda mmea wa majani mapana ulioinama juu ya maji hayo, kwa sababu vyura hawa hugandisha mayai juu ya jani, na watoto wakianguliwa huanguka wenyewe majini. Juu kabisa tukafunga kipande cha chandarua. Chakula chao kilikuwa inzi wadogo wa ndizi zilizooza, na Bibi akasema nyumba yake sasa imekuwa hoteli ya inzi.

Kabla hujaondoka uliniambia mambo mawili, nikayaandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Maji ya mvua tu. Mawe ya mtoni tu. Ukiwa tayari mlangoni unavaa viatu ukaniambia na la tatu: "Andika ulichokiona, Semeni. Usiandike ulichotamani kukiona." Hilo pia nililiandika, na nikalipigia mstari kwa wino mwekundu. Bado lipo. Nimelitazama mara nyingi kuliko unavyoweza kufikiri.

Mwezi wa Mei wote ulikuwa mwema. Nilikuwa nikiamka kabla ya Bibi kumaliza sala ya alfajiri, nakaa mbele ya sanduku na daftari. Yule mkubwa uliyemwita Bibi Harusi alikuwa akishuka majini kila maghribi, na mmoja wa madume alikuwa akilia sauti kama ya kijiko kikigonga kikombe, mara tatu, kisha anangoja. Bibi alianza kuwasalimia. Kila asubuhi akipita na birika lake alisema, "Hamjambo wageni," na akanikataza kucheka. Alhamisi tarehe 21 Juni, kabla ya kwenda shuleni, niliyaona mayai juu ya jani, hamsini na saba, meupe na maangavu kama sago iliyopikwa. Hayo ni kweli, Mjomba. Mehrunissa aliyahesabu pia, na ameweka sahihi yake katika ukurasa huo, wa kumi na nane.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu. Mwalimu Dorkasi, anayetufundisha Elimu ya Viumbe, aliniomba nilipeleke sanduku.

Sijui kama unajua mimi nikoje shuleni. Nikijibu swali, benchi la pili hawasikii. Wasichana wamenipa jina la Semeni wa Vyura, na nikipita husema, "Mpisheni, atawaotesha chunjua." Sikuwahi kuwa na kitu ambacho watu wangetoka majumbani kwao kuja kukitazama. Basi Alhamisi ileile, baada ya alasiri, nikalitazama sanduku langu kwa macho ya wageni, na nikaona haya. Niliona udongo mweusi, majani yanayooza, na maji yenye rangi ya chai. Bibi naye akapita akasema, "Wageni watakuja kutazama matope? Hata kaburi hutiwa changarawe nyeupe." Hakusema kwa ubaya. Hakuwa anajua masharti yako, na mimi sikumwambia.

Unajua sisi huku tunavyofanya mgeni akija, au Idi ikikaribia. Tunapaka chokaa, tunamwaga mchanga mpya mlangoni, tunapanga matumbawe pembezoni mwa ua. Nyumba isiyotiwa mchanga mweupe ni nyumba ya watu wasiojali. Nikawafanyia vyura hivyohivyo.

Tulikwenda na Mehrunissa Raskazone, tukarudi na kikapu cha mchanga wa pwani na matumbawe madogo mazuri. Niliviosha mara tatu kwa maji ya kisima. Mehrunissa akaniuliza, "Mjomba wako si alisema mawe ya mtoni?"

Nikamjibu, "Mjomba hayupo."

Katika yote niliyoyatenda, ni maneno hayo mawili yanayonichoma zaidi.

Niliufunika udongo wako kwa mchanga. Nilijenga kilima cha matumbawe. Maji ya mvua yaliyokuwa ndani, yale ya rangi ya chai, niliyachota kwa kikombe nikayamwaga uani, nikatia ya kisima kwa kuwa yalikuwa maangavu. Mjomba, maji ya kisima chetu sisi wenyewe hatuyatii katika chai, kwa sababu yana chumvi. Nililijua hilo. Mtungi wa maji ya mvua ya masika ulikuwa palepale karibu na mlango, umejaa nusu.

Watu walilisifu mno. Bwana mmoja aliyekuja na kanzu ya hariri alimwinua mwanawe ili aone. Mwalimu Dorkasi alisema sanduku limependeza kama nyumba ya Idi, na nikapewa zawadi, kalamu ya wino yenye kifuniko cha rangi ya fedha. Wale wasichana walisogea, na mmoja wao akaniuliza kwa adabu vyura wanakula nini. Nilimjibu kwa sauti iliyosikika. Niliona kwamba vyura wamekaa juu juu na hawashuki majini, nikajiambia kuwa wanaona haya mbele ya watu, kama mimi.

Jumatatu jioni walikuwa wamekufa wote. Mayai yaligeuka meupe yasiyopitisha mwanga, kama macho ya samaki aliyepikwa. Nikawazika chini ya mpera, tukiwa wawili, mimi na Mehrunissa, na nikamwapisha asimwambie mtu.

Jumatano ikaja barua yako. Uliuliza, "Wanangu wanne wanaendeleaje?" Nilikuwa na kalamu mpya mkononi. Nikaandika, "Hawajambo." Nilidhani ni neno moja tu, na kwamba nitapata namna ya kulirudisha baadaye. Lakini katika barua ya nyuma, ile ya Ijumaa kabla ya siku ya wazazi, nilikuwa nimekwisha kukueleza habari za mayai. Mayai hayakai mayai. Kwa hiyo ilinibidi niyaangue.

Ukurasa wa kumi na tisa ndipo uongo ulipoanza, na unakwenda hadi ukurasa wa thelathini na nne. Habari za miguu ya nyuma kutokea kabla ya ya mbele nilizitoa katika kitabu cha maktaba ya shule chenye picha za chura wa Ulaya. Siku walizoanguka majini nilizibuni. Ile habari iliyomfurahisha Bwana wako, kwamba mmoja alibaki juu ya jani siku mbili baada ya wenzake, niliibuni pia, kwa sababu nilitaka awepo mmoja mwoga.

Kila asubuhi nililinyunyizia maji sanduku ambalo ndani yake hamkuwa na kitu. Nilikamata inzi katika kopo la ndizi kama zamani, ili Bibi anione, kisha nikawaachia dirishani. Bibi akaanza kuuliza mbona wageni wake hawaonekani. "Wamekaa eda?" akasema. "Mume wao nani aliyekufa?" Nikamwambia wanajificha chini ya majani wakati wa kiangazi. Akaridhika, akaendelea kuwasalimia.

Jumanne nilipomaliza kuisoma barua yako, Mehrunissa alikuwa nyuma ya meza ya duka. Nikampa asome. Alisoma polepole mpaka mwisho, kisha akasema, "Hongera. Waambie basi hao vyura wako wa hewani kwamba watatajwa Ulaya." Nikadhani anatania, lakini hakuwa anacheka. Akasema, "Mimi nilinyamaza kwa sababu uongo ulikuwa wako. Sasa ni mjomba wako atakayeusema, na yeye hajui kama anasema uongo."

Sikuwa nimefikiri hivyo kabla. Naona aibu kukuandikia kwamba sikufikiri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nafikiri juu yangu tu, nionekaneje kwako. Sikukuona wewe umesimama mbele ya Bwana wako, aliyekuamini miaka yote hii ukimwambia ndege huyu nilimwona mti ule, chura huyu nilimsikia bonde lile, naye akaandika bila kwenda kuhakikisha, kwa sababu ni Uweso aliyesema. Kama gazeti hilo likitoka, na siku moja mtu akaja kugundua, hawatauliza Semeni ni nani. Watauliza ni Uweso gani aliyeleta habari.

Jana alasiri nilimwambia Bibi. Alikuwa anasuka ukili, na hakuacha kusuka. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo miezi miwili na nusu nausalimia mchanga."

Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

Akasema, "Mwandikie. Mwanangu asije akaaibika mbele ya watu kwa mkono wako." Baadaye alipokuwa anakunja mkeka alisema kwamba hata yeye alichangia, kwa yale maneno ya matope. Nilikataa. Yeye hakuwa ameandikiwa masharti katika ukurasa wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeandikiwa.

Daftari linakuja pamoja na barua hii. Sikuchana kurasa, maana kuchana kungekuwa kuficha mara ya pili. Juu ya kila ukurasa kuanzia wa kumi na tisa nimeandika, "Hii si kweli," na jina langu. Kurasa kumi na nane za mwanzo ni za kweli, lakini sitamlaumu Bwana wako akizitilia shaka nazo. Nakuomba umsomee barua hii yote, usiruke mahali kwa kunihurumia. Mwambie wewe hukujua. Hilo ndilo ninalokuomba kuliko yote. Jina langu litolewe, ila lako libaki kama lilivyokuwa kabla sijaligusa.

Jumatatu nitamwambia Mwalimu Dorkasi na kumrudishia kalamu. Ndiyo sababu ya penseli. Nimejaribu kuishika kalamu hiyo tangu Jumanne na siwezi.

Sanduku nimelimwaga lote na kuliosha, nikaliweka wazi chini ya mchirizi wa paa ili vuli ikinyesha litoe chumvi iliyobaki. Siombi vyura wengine. Ni la Bwana Karmali, na nataka nimrudishie likiwa safi.

Kuna jambo moja nililoliona na sikuliandika. Nimeona niliandike hapa, kama ulivyonifundisha, kwa sababu ni la kweli, na huenda likamfaa Bwana wako kuliko yale mengine.

Jumapili, 24 Juni, asubuhi. Wote wanne wako juu, karibu na chandarua, mbali na maji kadiri walivyoweza. Ngozi haing'ai. Hawali, ingawa inzi wapo. Jioni, mmoja ameanguka juu ya mchanga, miguu ya nyuma imenyooka. Jumatatu, 25 Juni, asubuhi. Huyo amekufa, na wengine wawili wamekufa juu ya matumbawe. Rangi ya kijani imekuwa ya kijivu; mstari wa dhahabu ndio uliochelewa kufifia. Bibi Harusi amepanda kwenye kioo. Saa kumi na moja jioni hajasogea. Nilipofungua chandarua nilikuta amekufa, vidole vyake vimegandamana na kioo, navyo havikutoka mpaka nilipochota maji ya mvua katika mtungi nikamlowesha kwa ncha ya kidole. Hayo ndiyo maji ya kwanza ya mvua niliyompa tangu Alhamisi.

Nisalimie sana mkazamjomba, Bi Sabiha, na umwambie kanga aliyonitumia nimeitunza. Msalimie Sadalla na masomo yake. Bibi anawasalimu nyote, pamoja na goti. Mehrunissa anakuamkia, na wazazi wake pia. Mwenyezi Mungu akuweke salama katika kupanda na kushuka kwako, na ukisema neno mbele ya watu, akujaalie uzidi kuaminiwa.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na nisiyethubutu leo kukutazama usoni,

Semeni binti Hatibu